Nilivyomchagulia Mke Wangu Meli

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nalisema hili mapema ili anayesoma ajue yuko na mtu wa namna gani. Nilipokuwa kijana nilibeba chokaa ya kujengea boma la Wajerumani pale Arusha, mzigo kichwani, kiboko mgongoni, na niliwaona wenzangu wakianguka njiani na kuachwa palepale kama magunia yaliyopasuka. Niliwaona wazee wenye ng'ombe wa kujaza bonde wakipiga magoti mbele ya kijana wa Kizungu ambaye ndevu zilikuwa bado hazijamtoka. Shule nilisoma miezi mitatu tu, kwa wamisionari huku mlimani, nikaacha. Asubuhi walitufundisha herufi tano, halafu mchana kutwa tukabeba mawe ya kanisa. Kubeba mawe nilikuwa nakujua tayari. Leo wale waliobaki shuleni mpaka wakamaliza wananipisha njia, na mimi siwapishi.

Mali yangu ilitokana na tumbaku. Mshahara wangu wa kwanza wa chokaa niliununulia majani kwa bibi mmoja wa Kimandolu, nikayasokota mwenyewe, nikashuka nayo uwandani kwa Wamasai, nikarudi na mbuzi wawili. Mmoja nikamuuza, nikanunua majani mengine. Ndivyo nilivyoanza, na sikusaidiwa na mtu. Baba yangu hata jembe hakuniachia. Reli ilipofika Moshi, hapakuwa na mtu kutoka Engutoto mpaka Lemara aliyeweza kuoza binti au kumaliza ugomvi wa mpaka bila kupita kwangu, kwa sababu kwetu hakuna ombi linalokwenda mikono mitupu. Ukiomba mke, unatoa tumbaku. Ukiomba njia ya kupitisha ng'ombe kwenye shamba la mtu, unatoa tumbaku. Unaishika kwa mikono miwili, unasema shida yako, na mwenzako akiipokea kwa mikono miwili, basi amelipokea na neno lako. Kisha anakata kipande, anakichanganya na magadi, anakitia shavuni. Wengine wanaisaga iwe ugoro. Kuivuta kwa moto yalikuwa mambo ya askari wa boma, ya Wazungu na ya watu wa pwani. Hilo ulishike, maana ndilo lililoniponza.

Mke wangu mkubwa alikuwa mwanamke wa kazi. Aliweza kupalilia migomba tangu umande mpaka jua la utosi bila kunyoosha mgongo. Majani ya tumbaku aliyapanga darini kwa mikono yake mwenyewe na hayakumdhuru. Lakini akipata moshi wake, hata wa kiko kimoja cha mpita njia, kifua kilimfunga. Alikuwa akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani, na midomo ikageuka rangi ya majivu.

Mimi sikuamini. Niliona ni madeko. Siku moja nikamwalika askari mmoja, mteja wangu, nikamkalisha ndani karibu na mlango, nikamwambia avute kiko chake taratibu, asiwe na haraka. Mke wangu alikuwa humo ndani anamenya ndizi. Nilitaka kujua kama anajifanya au hajifanyi. Mtu wa biashara hapokei mzigo bila kuupima. Akasema, "Baba watoto, nipishe nitoke." Sikumpisha. Alimenya ndizi nne zaidi, nilizihesabu, ya tano ikamtoka mkononi. Yule askari alisimama mwenyewe, akazima kiko kwa kidole gumba, akaniambia, "Mzee, huyu atakufa." Nikamwambia kaa, bado sijaona vya kutosha. Hakukaa.

Basi nikaamini. Radhi sikuomba, lakini niliamini, na tangu siku hiyo hapana mtu aliyevuta nyumbani kwangu. Yeye naye jambo lile hakulitaja tena. Nikadhani amelisahau.

Binti yetu wa kwanza alikuwa ameolewa na karani wa forodha huko Dar es Salaam, kijana mwenye viatu. Mimba mbili zilikuwa zimemharibikia. Ikaja barua, tukasomewa na mwalimu wa misheni, kwamba mimba ya tatu imeshika, imepita miezi ile ya hatari, na binti analia usiku na mchana kwamba anamtaka mama yake. Kwetu mzaliwa wa kwanza hapokelewi na mikono ya wageni. Mama yake mzazi ndiye hukaa nyuma yake, humshika mabega, humwambia lini asukume. Mwalimu aliporudisha barua kwenye bahasha, mke wangu alikuwa ameshasimama.

"Nitakwenda," alisema.

Mke wangu mdogo alikuwa kando anapepeta ulezi, akacheka. "Dada, nimesikia baharini huko wanaume wanavuta tangu jua linachomoza. Utakwenda kufia majini, utusumbue kutafuta kaburi lako."

"Hutasumbuka," mke mkubwa akamjibu. "Utakuwa na kazi ya kuhamia jikoni kwangu."

Nitasema kweli, sikukubali kwa huruma. Watu wetu waliokuwa wameiona bahari waliiona na mzigo kichwani au na mnyororo shingoni. Hapakuwa na hata mmoja, si Mmeru si Mwarusha, aliyewahi kumpandisha mkewe meli kwa nauli yake mwenyewe, akakaa kama bwana. Nilitaka niwe wa kwanza. Jumamosi hiyohiyo nikalitangaza sokoni, na nilipoona wazee wananitazama vile, nikajua sasa hata kama mke wangu angebadili nia, ningempeleka kwa nguvu.

Tulitembea siku tatu mpaka Moshi, yeye mbele mimi nyuma, na gunia langu la tumbaku mgongoni kwa punda. Nilikusudia kuliuza Dar es Salaam. Kwenye gari la moshi alikaa ubavuni mwangu, kona ya kanga imelowa maji, ameikandamiza puani. Wapagazi wawili walipowasha sigara, alihama behewa kwenye kituo kilichofuata bila kuniaga. Nilimkuta jioni amekaa juu ya mizigo ya watu na kuku miguuni. Alikuwa anapumua vizuri. Nikamwambia amenitia aibu, mke wa mtu kama mimi kukaa na kuku. Akasema kuku hawavuti.

Tanga tulipanga chumba kwa mwanamke mjane nyuma ya soko, na hapo ndipo nilipofanya kazi ambayo mpaka leo sijaona mtu aliyeifanya vizuri zaidi. Mimi mbuzi simnunui mpaka nimfunue mdomo, na meli nilizifanyia vivyo hivyo. Siku sita nilikwenda bandarini kila asubuhi. Niliuliza abiria wa kawaida wanakaa wapi, upepo unatoka upande gani, nani anavuta, anavutia wapi. Wachukuzi wa bandarini wakaanza kunijua. Nikipita wanapaza sauti, "Shikamoo mzee wa mlimani, umepata meli ya watoto wachanga?" Naitikia marahaba, naendelea na shughuli zangu. Mtu anayejua anachotafuta haoni haya.

Meli ya kwanza ilikuwa kubwa na nyeupe, nauli ya kukaa sitahani rupia nne. Nikasubiri mpaka iliposhusha watu, nikapanda kabla haijafagiliwa. Majivu na vipande vya sigara vilitapakaa kila mahali, na karani wao akaniambia kwa fahari kwamba safari ijayo itachukua askari sitini wanaohamishwa pamoja na wake zao. Nikashuka. Meli ya pili ilikuwa ya Mhindi mmoja tajiri, rupia tatu tu, sitaha pana, hewa nzuri. Lakini katikati ya sitaha alikaa mpishi na kiko cha maji kirefu kama mtoto wa miaka minane, na abiria walikuwa wanakizunguka kwa zamu. Nikamuuliza mpishi kwa adabu kama anaweza kukiweka kando siku mbili tu. Alicheka mpaka akakohoa. "Mzee," akasema, "mimi nisipovuta, wali hauivi."

Ya tatu ilikuwa meli ndogo, kuukuu, nyeusi, hata watu wa bandari hawakuitazama. Ilibeba pamba. Karani wa mzigo, kijana wa pwani mwenye kanzu safi na ulimi mwepesi, alinieleza kwamba nahodha wao Mjerumani aliwahi kuunguliwa na meli nzima ya pamba chini ya miguu yake, na tangu hapo moto anauogopa kuliko Mungu. Kila mabaharia wanapotoka nchi kavu anawapanga mstari, anawageuza mifuko, anawaangalia mpaka ndani ya midomo. Anayekutwa na tumbaku anapewa hamsa ishirini, vile viboko ishirini na vitano vya Wajerumani, palepale juu ya marobota. Moto pekee ni wa chini kwenye mitambo na wa jiko la mpishi. Abiria huchukua wachache tu, na huwatoza rupia tisa.

Nikamuuliza wanawake wanakaa wapi.

"Kule nyuma kuna chumba chao, kina pazia. Mwanamume haingii. Hata nahodha mwenyewe hatii mguu mle."

Nani angepata meli bora kuliko hiyo? Nikalipa rupia kumi na nane bila kuomba kupunguziwa, nikarudi chumbani natembea katikati ya barabara. Nikamweleza mke wangu yote tangu mwanzo, meli moja moja, na jinsi nilivyozikataa zile mbili. Alisikiliza huku anakunja kanga zake. Mwisho akauliza, "Hao mabaharia wana siku ngapi hawajavuta?"

Nikamwambia hilo linatuhusu nini.

"Nauliza tu," akasema.

Tulipanda asubuhi, bahari imetulia. Mke wangu akaongozwa moja kwa moja kule nyuma pamoja na bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa anarudi kwao Pangani. Nahodha aliwapekua mabaharia wake kama nilivyoambiwa, akawafunua midomo. Abiria hatukupekuliwa. Wanaume tulikuwa watano, tumelipa, tena gunia langu lilikuwa limefungwa vizuri. Wala sikuona kwamba ninaficha kitu. Sikuwa na kiberiti. Kwangu mimi yale yalikuwa majani, na pamba haiunguzwi na majani.

Hapo sasa nikafanya kama ninavyofanya kila ninapoweka jambo langu mikononi mwa mtu. Nilimtafuta serahangi, mkuu wa mabaharia, mtu mwembamba mwenye mvi kifuani, nikafungua gunia pembeni mwa marobota, nikatoa msokoto mnene kama mkono wangu, tumbaku ya Meru ya daraja la kwanza. Nikaushika kwa mikono miwili. Nikasema mke wangu yuko kule nyuma, kifua chake hakivumilii moshi, ninamweka chini ya ulinzi wake na wa watu wake, wasivute karibu naye. Nikasema vizuri, kwa sauti, kama ninavyosema mbele ya wazee. Halafu, kwa kuwa mimi si mtu wa kutoa kidogo, nikawaita mabaharia watano waliokuwa karibu nikampa kila mmoja msokoto wake.

Serahangi aliupokea kwa mikono miwili. Aliunusa, akafumba macho. "Ahsante, baba," akasema. "Mungu akuzidishie." Kwetu hapo neno limekwisha, hakuna la kuongeza. Nilikwenda mbele ya meli nikakaa juu ya robota, nimejaa kama chifu.

Sikuwaza hata mara moja kwamba kwa watu wa pwani kupokea tumbaku si kupokea neno. Watu sita waliokatazwa tumbaku safari nzima, na juu ya maji hakuna magadi ya kuitafunia.

Kule mbele nilikaa na abiria wenzangu wanne, wanaume wa pwani wenye masikio mazuri ya kusikiliza. Nikaanza kuwasimulia maisha yangu. Nilikuwa nimefika kwenye habari za chokaa yule bibi wa Pangani alipokuja mara ya kwanza, ameshikilia kamba asiyumbe. Akasema, "Mwanangu, mkeo hali yake si nzuri."

Nikamwambia ni bahari, wote wa mlimani huwa hivyo, mwambie avumilie. Nikaendelea.

Akaja tena nilipokuwa nimefika kwa wale mbuzi wawili. Nikasema nakuja, mama, nakuja. Na nilikusudia kwenda kweli, lakini hapo ndipo hadithi inapokuwa tamu. Mara ya tatu bibi hakunisemesha. Alinishika mkono wa kanzu, akauvuta kwa nguvu, na mmoja wa wale abiria, ambaye alikuwa ananisikiliza tangu Tanga, akasema taratibu, "Nenda bwana. Wewe utakuwepo baadaye."

Chumba cha wanawake kilikuwa kidogo kama ghala la mahindi. Nilipofunua pazia sikuona kitu, macho yaliwasha. Kisha nikaona magoti. Mabaharia sita wamechuchumaa ukutani, katikati yao kopo la makaa kutoka jikoni, na kila mmoja ana sigara aliyoisokota kwa karatasi ya daftari la mzigo. Walikuwa wametulia kama watu walio msikitini. Wapi kwingine wangevutia? Ndiyo sehemu pekee ambayo nahodha hakutia mguu. Kwenye ubao wa nje palikuwa na tundu la upana wa kisahani, na mke wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya sanduku la bibi, mdomo wake ameuingiza kwenye tundu. Nilisikia pumzi zake kabla sijauona uso.

Serahangi akaniona, akasogea anipe nafasi. Hakuwa na ubaya. "Karibu, baba. Tumemshukuru mama hapa kila mmoja wetu. Tumbaku hii sijapata kuiona."

Mke wangu akatoa mdomo kwenye tundu, akageuka.

"Ni yako?"

Nikamwambia inuka kwanza tutoke nje.

"Nimekuuliza."

Mimi na bibi tulimkamata kwapani tukamburuta mpaka nje, miguu yake inasugua sakafu, na moshi ukatufuata kupitia pazia. Nahodha alikuwa juu kwenye usukani. Aliuona moshi unatoka mahali ambapo chini yake yamepangwa marobota mia na zaidi ya pamba kavu. Sikujua Mzungu anaweza kukimbia vile. Alimwaga yale makaa baharini kwa mikono yake, bila kitambaa, halafu akawapanga wote sitahani, wavutaji na sisi abiria, na karani wa kanzu safi akasimama katikati kutafsiri. Pangani ilikuwa inaonekana tayari, minazi na paa la boma.

Nahodha akauliza tumbaku imetoka wapi.

Serahangi akaninyooshea mkono wazi, bila hasira. "Mzee huyu alitupa."

Ninayoandika sasa, kwa herufi nilizojifunza uzeeni, sijamwambia mtu kwa kinywa changu. Nikasema, "Wameniibia." Nikasema kwamba gunia langu lilikuwa limefungwa, nikageuza mgongo kidogo tu, na hawa wakalifungua. Nilisema bila kigugumizi, maana nimekaa sokoni miaka mingi. Karani akatafsiri. Nahodha alinitazama mimi, mtu mwenye kanzu mpya na mali yake mwenyewe, akawatazama watu sita wenye harufu ya moshi, na hakuhitaji kuuliza zaidi. Ishirini na tano kwa kuvuta, ishirini na tano kwa wizi. Wakaanza na serahangi. Wakamlaza juu ya robota, na alipokuwa anashushwa alinitazama, si kwa chuki. Alinitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyevua nguo njiani.

Kiboko cha kwanza kikashuka. Cha pili. Cha tatu.

Mke wangu alikuwa ameegemezwa kwenye uzio wa meli, upepo unampiga usoni, bibi amemshika mgongo. Akainua mkono. Aliyekuwa anachapa akasita. Karani akamwendea, akainama, akamuuliza, "Unasemaje, mama?"

"Ametoa," mke wangu akasema. Akavuta pumzi. Ilichukua muda mrefu, na wote tulisubiri, hata nahodha. "Mwenyewe."

Nikamsogelea. Nikamwambia kwa Kimeru, polepole, ili wale wasielewe: nyamaza, unataka nichapwe?

Akanijibu kwa Kiswahili, ili wote waelewe.

"Ndiyo."

Kisha akamaliza maneno yake, neno moja kwa kila pumzi: mume wangu, ametoa mwenyewe, kwa mikono yake, hawa wamenishukuru mimi. Karani akayatafsiri mpaka mwisho. Nilimwona anayatafsiri kwa furaha.

Viboko vya wizi vikafutwa. Vya kuvuta vilibaki, na wote sita walivipata, na mimi nilisimamishwa pale nivihesabu mpaka kiboko cha mwisho cha mtu wa sita. Halafu nahodha akaandika barua, akaifunga, akanipa. Ningeshushwa Pangani na kuipeleka mwenyewe kwa bwana wa boma. Nauli yangu hairudi. Kuhusu mke wangu alisema hana kosa, amelipa, atakaa mbele kwenye upepo mpaka Dar es Salaam.

Nilimsihi ashuke na mimi. Nilimwambia mke wa mtu hasafiri na wanaume asiowajua. Nilimwambia watu watasema nini. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia midomoni.

"Binti ananingoja," akasema. "Wewe nenda na barua yako."

Mwenye mashua aliyenishusha alinitoza rupia moja na nusu, kwa sababu alikuwa ameshasikia. Gunia langu lililetwa nyuma yangu kama ushahidi. Pale bomani bwana mkubwa alisoma barua mara mbili, akamsomea msaidizi wake, wakacheka wote, kisha nikaulizwa nachagua nini, hamsa ishirini au rupia sitini. Mimi nilishabeba chokaa chini ya kiboko. Nilikuwa nimejiapiza kwamba mgongo wangu hautaguswa tena. Nikalipa sitini. Tumbaku ilitaifishwa. Sijafika getini, askari walikuwa wameshaigawana, na harufu yake ilinifuata mpaka barabarani. Kweli ilikuwa tumbaku nzuri.

Nilirudi Tanga kwa miguu, kisha gari la moshi, kisha miguu tena. Nyumbani niliwaambia mke yuko kwa binti, safari ilikuwa njema, meli niliichagua mwenyewe. Nilisema hivyo mwezi mzima. Kisha barua ya mkwe wangu ikafika misheni, na mwalimu hakuja kunisomea mimi. Aliwasomea mashemeji zangu. Mke wangu alifika siku kumi na moja kabla ya uchungu. Alikaa nyuma ya binti, akamshika mabega. Mtoto ni wa kiume, yu hai, ananyonya vizuri. Na mama wa binti amesema hatarudi mlimani. Nyumba ya mkwe iko karibu na bahari, na ndani yake hakuna anayevuta.

Nikawaendea mashemeji. Nilikwenda na pombe ya ndizi mitungi miwili na tumbaku, nikaishika kama inavyopasa, nikasema wamrudishe dada yao au wanirudishie ng'ombe wangu wa mahari. Waliipokea. Wakaikata, wakaichanganya na magadi, wakaitia mashavuni, wakanisikiliza mpaka nikaishiwa maneno. Sijawahi kusikilizwa vizuri vile. Mkubwa wao akatema mate pembeni, akasema, "Shemeji, yote tumeyasikia, mpaka pale uliposema umeibiwa." Akasema dada yao atakaa anapopumua. Ng'ombe hawarudi. Tena niongeze mtamba mmoja na mtungi wa asali, kwa kumweka dada yao kwenye moshi na kukaa mbele napiga hadithi huku naitwa mara tatu.

Nikamuuliza na kama nikikataa. Akasema basi wataisimulia sokoni, Jumamosi, saa ambayo mimi huwa nimekaa pale.

Nikatoa mtamba. Nikatoa asali. Mjukuu wangu sasa ananisalimu kwa barua, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu, na mara zote mbili nilizomwandikia bibi yake kwamba nitakuja kuwaona, jibu lilikuwa kwamba nyumba ni ndogo. Mke mdogo amehamia lile jiko. Tumbaku bado nauza, na bado hakuna anayeisokota kama mimi. Vijana wakiniuliza habari za ile safari, maana siku hizi kila mtu anajua, sifichi. Nawaambia nilikwenda kama abiria, si kama mpagazi, na kwamba meli niliyoichagua kweli haikuwa na tumbaku hata jani moja mpaka nilipopanda mimi. Nawatajia na gharama, ili wajue mtu aliyetoa fedha hiyo hakuwa maskini: magari, meli, chumba cha Tanga, mashua, faini, gunia, mtamba na asali, yote kwa pamoja rupia mia moja sitini na sita na hela tisini.